Safu Niliyoifuta

5 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua ungependa nikupigie simu, lakini unanijua. Kwenye simu naishia kusema ndiyo na sawa mpaka wa upande wa pili anachoka. Kwenye karatasi angalau nafika mwisho wa sentensi.

Nimepata pa kujishikiza wakati tunasubiri matokeo ya mtihani. Ni maabara ya chuo, ghorofa ya tatu, chumba chenye madirisha mawili na kabati la joto linalonguruma kama paka aliyeshiba. Kiti changu kiko pembeni, karibu na sinki. Watu wa humu wananiita Kimya. Sikulichagua jina hilo, ila sikulikataa pia, na ndiyo maana limeshika.

Uliniuliza kazi yenyewe ni nini. Tunao bakteria waliochotwa kwenye bwawa la maji machafu nyuma ya kiwanda cha wanga. Wanaishi humo na kunenepa, na tunataka kujua wanakula sukari gani, ili siku moja wasafishe bwawa lenyewe. Sukari haiingii ndani ya bakteria hivi hivi. Lazima ipitie mlango, na mlango huo ni protini. Kila protini inaandikwa kwa herufi, mia tatu, mia nne, zimepangwa mstari mmoja. Mimi nachukua herufi za mlango wetu tusioujua, naziweka kwenye kompyuta, nayo inazilinganisha na milango ya bakteria wengine ambayo wenzetu wameshaichunguza. Ikifanana sana, tunakisia kwamba inapitisha sukari ile ile.

Ninayemsaidia ni dada mmoja anayeandika tasnifu. Tunamwita Dada Visahani, kwa sababu meza yake imejaa visahani vya kuoteshea bakteria, na ukivigusa bila ruhusa anakutazama hadi unaomba radhi kwa kosa ambalo hujalitenda. Ameshaongezewa muda mara mbili. Mwisho wa Mei ndiyo mwisho kweli. Alikuwa na sukari nne za kujaribu na hakuwa na nafasi ya kuzijaribu zote.

Sasa sikia. Ijumaa nilimpa jedwali langu. Mlango wa saba ulifanana na mlango wa maltosi, sukari inayotoka kwenye wanga ukivunjwa, kwa asilimia tisini na moja. Dada Visahani alilishika jedwali kwa mikono miwili. Aliwaambia wote kwamba Kimya amemwokolea miezi mitatu, kwamba zile sukari nyingine tatu anaziweka kabatini. Profesa, mkuu wa maabara, akasema jina langu litaandikwa mwisho wa ripoti. Nilikwenda kunawa mikono ingawa ilikuwa safi.

Wasalimie wateja wako na cherehani zao.

Mwanao,
Sindano

14 Februari

Sindano wangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba ya tatu ni ya jirani yangu muuza vitambaa, aliyeomba nimsomee barua yako mara mbili. Asilimia tisini na moja! Baba yako shuleni hakuwahi kuifikia hata kwa kujumlisha masomo mawili.

Barua nimeiweka chini ya kioo cha meza ya kazi. Mteja akileta cherehani, kabla sijafungua skrubu hata moja anasoma kwanza. Kuna mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari amesoma, akauliza dawa yako itatoka lini. Nimemwambia wewe unashughulikia sukari ya wadudu wa bwawani, ya binadamu bado. Akasema basi atasubiri.

Nilijua. Ulipokuwa mdogo ulikaa chini ya meza hii ukipanga vifungo kwa idadi ya matundu, hukusema neno kutwa nzima, na jioni hakukuwa na kifungo kilichokosewa. Nilikuita Sindano si kwa wembamba tu.

Niandikie Dada Visahani anaendeleaje. Mtu aliyeongezewa muda mara mbili, hiyo najua inavyokaa kooni.

Shangazi yako

1 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi sijambo.

Nakuomba kitu kimoja. Itoe barua yangu chini ya kioo. Meza yako iko karibu na dirisha, jua litafifisha wino, itakuwa hasara.

Bakteria hawajaota. Dada Visahani amewapa maji yenye maltosi peke yake, na chupa zote bado ni angavu. Wakiota, maji hufanya ukungu. Anadhani ni sabuni iliyobaki kwenye chupa, kwa hiyo anaziosha upya kila asubuhi. Ngozi ya vidole vyake imeanza kupasuka.

Sina mengi.

Sindano

8 Machi

Sindano,

Wino wa kalamu yako ni ule mweusi niliokununulia mimi. Kuna risiti za miaka kumi na minne chini ya kioo hiki na zinasomeka mpaka leo. Tatizo si jua.

Barua ya kwanza ilikuwa kurasa mbili. Hii ni mistari michache, na humo umeniomba nikuondoe mezani kwangu. Mtoto wa kaka yangu, mimi hufungua mashine iliyofungwa nati zote. Kuna nini?

Shangazi

14 Machi

Shangazi,

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili nimezichana.

Kompyuta inapolinganisha haitoi asilimia tu. Inatoa pia urefu, yaani ni herufi ngapi zilizolinganishwa. Hiyo ni safu yake, ya mwisho kulia. Jedwali langu halikuenea kwenye ukurasa mmoja. Safu ya mwisho ilikuwa inakwenda ukurasa wa pili peke yake, ikionekana kama uchafu. Nikaifuta. Nilitaka nimpe Dada Visahani ukurasa mmoja safi. Shangazi, sikuisoma hata kidogo. Niliifuta kwa sababu ilikuwa inaharibu sura.

Tarehe ishirini na mbili Februari nilikuwa nachapisha jedwali jingine, nikageuza karatasi ilale upande, na safu ikatokea. Mlango wa saba una herufi mia tatu sabini na moja. Zilizolinganishwa ni hamsini na nane.

Hamsini na nane zenyewe nimezisoma sasa. Ni kipande cha injini. Milango hii inafunguka kwa nguvu, na ina injini inayosukuma. Injini hiyo karibu ni moja kwa milango yote ya ukoo huu, iwe inapitisha sukari, chumvi au kitu kingine kabisa. Chini ya mstari ule wa kwanza kulikuwa na mistari mingine arobaini, ya milango ya kila aina, nayo ikifanana na wetu karibu vile vile. Mimi nilisimama kwenye wa kwanza. Kwa hiyo sikuwa na ushahidi wowote kwamba mlango ule ni wa maltosi. Nilijua tu kwamba ni mlango.

Hilo ni kosa. Sasa aibu yenyewe.

Siku ile ile niliamua kusema. Nilikaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, nikayapanga maneno. Nilikuwa nayo manne: Dada, nimekosea mlango wa saba. Yamezidi manne, najua, hata kuhesabu sikuweza. Nikaingia. Watu wote walikuwemo, na kabla sijafika kwenye kiti Dada Visahani akageuka na kuniuliza, "Kimya, ule wa saba ulilinganisha urefu wote?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kichwa kilishuka na kupanda, basi. Akasema, "Asante, basi tatizo liko kwangu," akarudi kwenye sinki.

Tangu siku hiyo ameosha chupa, amebadilisha maji, amegombana na mzee wa stoo akisema amempa maltosi iliyolala miaka. Yule mzee amekasirika, hawasalimiani. Jana nilimsikia Dada akimwambia Profesa kwamba labda yeye hana mikono ya kazi hii. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nasuuza visahani.

Sina uso, shangazi. Wananipa chai na mimi nainywa.

S.

21 Machi

Mwanangu,

Sikukujibu siku ile ile kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na baadaye nikagundua si wewe niliyekukasirikia peke yako.

Nitakueleza jambo ambalo hata baba yako halijui.

Kabla hujazaliwa kulikuwa na mama mshonaji, mtaa wa pili kutoka hapa, aliyeshona nguo za watoto za kola ndogo, mshono mwembamba kama unywele. Aliniletea cherehani yake, meno yanayovuta kitambaa yamelika. Sikuwa na meno ya aina ile. Nilikuwa nayo ya mashine nyingine ambayo mota yake ni sawasawa na ya kwake, kampuni moja, namba moja. Nikasema mota ni ile ile, yatakubali. Nikayafunga. Nikakanyaga, ikazunguka vizuri, nikampa.

Mota haijui kitambaa, Sindano. Kitambaa kinajulikana na meno. Yale yalikuwa ya turubai. Nguo laini yalikuwa yanaivuta kupita kiasi, mshono unakunjamana.

Alirudi baada ya mwezi. Hakuleta cherehani. Alikuja kununua sindano, akaniambia kwa utani kwamba mikono yake imezeeka mapema, kola zimeanza kumshinda. Nilijua pale pale. Meno yake sahihi nilikuwa nimeshayapata, yalikuwa kwenye droo, kiasi cha mkono kufika. Nikamuuzia sindano. Nikamwambia apumzike.

Sikusema kwa sababu alikuwa ameshawaambia watu kwamba mimi ndiye fundi bora mjini.

Aliacha kushona mwaka uliofuata. Yuko hai. Huwa namwona akipita, mikono nyuma. Nami huinama, najifanya natafuta skrubu.

Sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu kwamba yale meno ninayo bado, kwenye kikopo, na kila nikihamisha droo nayahamisha.

Barua yako haijatoka chini ya kioo. Itakaa hapo hadi uniambie umemwambia. Nikikuona mwongo kila asubuhi na mimi najiona. Kama mdomo haufunguki, una kalamu.

Shangazi yako

26 Machi

Kwa Dada Visahani,

Nimeiweka barua hii kwenye boksi lako la glavu kwa sababu ndilo unalolifungua la kwanza.

Chupa zako ni safi. Maltosi ya mzee wa stoo ni nzima. Mikono yako haina kosa. Kosa ni langu.

Mlango wa saba ulilingana na mlango wa maltosi kwa herufi hamsini na nane tu, kati ya mia tatu sabini na moja. Ni kipande cha injini, ambacho milango yote ya ukoo huo inacho. Safu ya urefu niliifuta mimi, ili jedwali lienee ukurasa mmoja. Nimeambatanisha jedwali lenyewe, lote, kurasa mbili.

Nililijua hili tarehe ishirini na mbili Februari, asubuhi. Siku hiyo hiyo uliniuliza kama nililinganisha urefu wote na nikaitikia kwa kichwa. Nilijua si kweli. Sikuwa nimechanganyikiwa wala sikukusikia vibaya. Ulinishukuru, na nikakuacha unishukuru.

Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana, kwa sababu kila siku ulikuwa umeshaosha chupa nyingine. Hiyo si sababu. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Ulikuwa na sukari nne. Ulizifungia tatu kabatini kwa ajili ya jedwali langu. Hakuna ninachoweza kufanya kuzirudisha wiki ulizopoteza.

Nitakuja Alhamisi saa mbili. Ukitaka nisije, acha barua hii juu ya kiti changu, nitaelewa.

Kimya

28 Machi

Kimya,

Sikuiacha kwenye kiti, kwa sababu nilitaka ije na jibu.

Wiki saba.

Siku ile uliyoitikia kwa kichwa nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nadhani nimeshindwa. Akasema chumba changu bado kipo. Barua ya kumwomba Profesa niache masomo nimeiandika, iko kwenye mkoba wangu tangu Jumatatu. Ningempa kesho. Nataka ujue hilo. Sisemi ili kukuumiza zaidi. Nasema kwa sababu hukuwa na habari, na wewe ulikuwa unafikiri unaficha safu moja.

Na mimi nililipokea jedwali lisilo na urefu na sikuuliza karibu wiki tatu, kwa kuwa lilisema nilichotaka kusikia. Sehemu hiyo nitaibeba mwenyewe. Ile ya kichwa ni yako.

Nimekasirika. Leo usiniombe msamaha tena, nitakujibu vibaya.

Jumanne tuna kikao. Utamwambia Profesa mbele ya wote, kwa mdomo. Mimi sitakusemea. Mzee wa stoo nimeshakwenda kumwomba radhi. Wewe nenda kivyako.

Jedwali lirudishwe lilivyokuwa, safu zote. Hata likichukua kurasa tisa.

(Hapa ningeandika jina langu, lakini humu mmezoea Visahani.)

14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimemwambia. Barua yake nimeambatanisha, isome kisha unirudishie.

Nilikwenda kwanza kwa mzee wa stoo. Alinisikiliza huku akihesabu vizibo vya mpira vya chupa, akafika hamsini akaanza upya. Akasema yeye amekaa na kemikali miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kumwambia zimelala. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilitamani angenitukana.

Kwenye kikao sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliye chumba cha pili. Nilisema yote, mpaka pale pa kichwa. Mmoja akacheka kidogo alipogundua kwamba Kimya anaongea, halafu akaelewa ninachosema, akaacha. Profesa hakupandisha sauti. Aliniuliza ningefanya nini kama chupa moja ingeota kwa bahati mbaya, kwa uchafu tu, na Dada akaandika kwenye tasnifu kwamba ni maltosi. Akasema, "Kesho yake mtu wa nchi nyingine angelinganisha mlango wake na wetu, akauita maltosi. Na wa tatu angeulinganisha wake na wa huyo." Akaniacha nimesimama na hilo. Amemwombea Dada muda mara ya tatu. Wakubwa wa chuo hawajajibu. Wakikataa, shangazi, itakuwa ni kwa wiki zangu saba.

Jina langu sikutaka liwemo kwenye ripoti. Dada akasema litakuwemo, kwa sababu kosa nalo linahitaji mwenyewe.

Tumelinganisha upya, herufi zote, na protini zinazokaa jirani na mlango huo pia, maana mara nyingi aliye jirani ndiye anayeishika sukari na kuileta mlangoni. Mlango wa saba haujafanana na wowote vya kutosha. Kwenye jedwali, mahali pa jina, nimeandika "haujulikani". Zile sukari tatu zimetoka kabatini. Chupa ziko kwenye joto tangu juzi, bado ni angavu, na safari hii hakuna anayeziosha upya.

Barua ya kuacha masomo sijui kama ameichana. Mkoba wake unakaa umefungwa. Ananiambia asubuhi njema. Utani wa zamani hajaurudia.

Ile barua yangu ya kwanza sasa itoe. Hii usiiweke pale kama hutaki. Hujaniambia kama yule mama mshonaji bado anapita mbele ya duka. Siulizi kukusuta, sina mdomo huo. Nauliza kwa sababu kikopo unacho.

Nikueleze la jana, kisha niache. Nilimpelekea Dada mlango wa kumi na mbili. Ulikuwa umefanana vizuri na mlango mmoja wa sukari, asilimia themanini na kitu, na watu walikuwepo wote kama siku ile. Hakutazama karatasi. Alinitazama mimi.

"Urefu wote?" akauliza.

Shingo yangu ilianza kuinama yenyewe, kama ilivyozoea. Nikaizuia.

"Hapana," nikasema. "Mia mbili na tisa, kati ya mia nne na tatu. Zilizobaki sijui."

Akavuta kiti kilichokuwa na boksi la glavu, akalishusha boksi sakafuni.

"Basi kaa," akasema. "Tuanze na hizo usizojua."

Mwanao,
Sindano